MAISHA YA SIR DAVID GILL, FUNDI SAA ALIYEHESABU NYOTA KWA KAMERA

Wengi wenu mnajua ya kuwa Chama cha Sayansi cha shule yetu kina darubini. Mnajua pia, kwa kuwa mambo ya bwenini hayafichiki, ya kuwa mwanzoni mwa muhula huu mimi, katibu wa chama, nilishindwa kuitumia kwa siku tatu mfululizo mbele ya wenzangu. Mwalimu wetu wa fizikia hakunikaripia. Alinipa kazi ya kusoma maisha ya Sir David Gill, mtu mwenye sifa kubwa miongoni mwa wapima nyota na wapima ardhi wa dunia nzima, aliyefariki mwaka 1914. Nilipokwisha kuyasoma niliona kosa langu, na tena niliona mambo mengine ambayo sikuwa nikiyatafuta. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe nafasi niwasimulie.

Kwanza niwaeleze shida yenyewe. Dunia huzunguka, na kwa hiyo nyota huonekana kana kwamba zinatembea kutoka mashariki kwenda magharibi. Darubini ya kupigia picha haina budi kuzifuata polepole, la sivyo kila nyota itatokea katika picha kama mstari badala ya nukta. Ili iweze kuzifuata, mhimili wake lazima uelekezwe sawasawa kwenye ncha ya mbingu. Watu wa Ulaya wana bahati. Karibu na ncha yao ya kaskazini kuna nyota ing'aayo, nao huilenga hiyo tu. Sisi wa Mwanza tuko digrii mbili na nusu kusini ya Ikweta, na Nyota ya Kaskazini haichomozi kwetu hata siku moja. Ncha ya kusini nayo iko digrii mbili na nusu tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya vilima vya mawe na ukungu, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno.

Ndiyo sababu siku hizi watu wa sehemu kama zetu hutumia kamera. Kamera hupiga picha ya nyota zozote zilizo mbele yake, kompyuta huzilinganisha na orodha ya nyota, kisha huiambia darubini mahali inapoelekea hasa na isogezwe kiasi gani. Kazi yote huchukua sekunde chache, ikiwa kamera imechaguliwa na kufungwa vizuri. Mimi niliifunga vibaya. Nitalirudia kosa hilo mahali pake.

UTOTO NA KAZI YA BABA

David Gill alizaliwa tarehe 12 Juni, 1843, katika mji wa Aberdeen, Scotland. Baba yake alikuwa fundi na mfanyabiashara wa saa, mwenye duka lililoheshimiwa na watu wa mji ule. Kijana alipelekwa shule, kisha akaingia Marischal College papo hapo Aberdeen. Huko alifundishwa na James Clerk Maxwell, yule mwanasayansi mkuu wa umeme na sumaku ambaye jina lake tunalikuta katika vitabu vya fizikia. Kijana Gill alivutiwa sana na mafundisho yake, na moyo wake ukaelekea kwenye elimu.

Lakini baba alitaka mwanawe airithi kazi ya duka. Gill alitii. Alipelekwa Uswisi na Uingereza kujifunza ufundi wa saa, akarudi akaliendesha duka kwa miaka kadhaa. Alijua kukata magurudumu madogo ya shaba, kulinganisha mizani ya saa, na kusikia kwa sikio lake kama saa inakwenda mbio au inachelewa.

Hapa niliposoma nilisimama kidogo. Baba yangu ni fundi wa mashine za boti huko Kirumba. Wavuvi humletea mashine zilizokufa, naye huzifufua. Tangu nilipoingia kidato cha kwanza nimekuwa nikisema nyumbani, tena kwa kiburi, ya kuwa ninasoma ili mikono yangu isishike spana. Baba hakunijibu neno. Basi nikadhani ya kuwa Gill naye aliichukia kazi ya baba yake, na kwamba habari zake zitaniunga mkono. Sivyo nilivyokuta.

PICHA YA MWEZI

Gill alipokuwa fundi saa, mchana alikuwa dukani na usiku alikuwa na nyota. Saa sahihi hupatikana kwa kutazama nyota zikipita katikati ya mbingu, na mji wa Aberdeen haukuwa na mtu wa kuifanya kazi hiyo. Gill, pamoja na profesa mmoja, walifufua chumba kidogo cha kutazamia nyota katika chuo cha pale, ili mji upate saa ya kuaminika. Kisha akanunua darubini yake mwenyewe, yenye kioo cha upana wa inchi 12. Kioo kilinunuliwa, lakini mtambo wa saa wa kuizungusha darubini ifuate nyota aliutengeneza kwa mikono yake. Ni nani angeweza kuutengeneza vizuri kuliko fundi saa?

Mwezi Mei, 1869, alifunga vyombo vya kupigia picha kwenye darubini hiyo, akaupiga picha mwezi. Picha ilitoka safi sana kwa siku zile. Ilionekana na kijana mmoja tajiri, Lord Lindsay, aliyekuwa na hamu kubwa ya elimu ya nyota na aliyetaka kujenga kituo cha kutazamia nyota huko Dun Echt, karibu na Aberdeen. Mwaka 1872 alimwomba Gill awe msimamizi wa kituo hicho.

Fikirini uamuzi uliokuwa mbele yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane. Miaka miwili nyuma alikuwa amemwoa Isobel Black. Duka lilimpa mapato mazuri, na mshahara aliotajiwa ulikuwa mdogo kwa mbali. Aliliacha duka. Lakini ufundi wenyewe hakuuacha, na yote aliyoyafanya baadaye yalitokana na mikono ile iliyofunzwa juu ya meza ya saa.

SAFARI ZA BAHARINI

Wakati ule wanafalaki, yaani wataalamu wa elimu ya nyota, walikuwa na swali moja kubwa: jua liko umbali gani kutoka duniani? Tarehe 9 Desemba, 1874, sayari ya Zuhura ilitazamiwa kupita mbele ya jua, nao walitumaini kupata jibu kwa kuitazama kutoka pande mbalimbali za dunia. Msafara wa Lord Lindsay ulikwenda kisiwa cha Mauritius, katika Bahari ya Hindi. Gill alichukua pamoja naye saa za baharini zipatazo hamsini, ili kwa kulinganisha saa za Mauritius na saa za Aden, ambako simu ya waya kutoka Ulaya ilifika, apate longitudo ya kisiwa bila shaka. Kazi ya kuziangalia saa hamsini melini, zisisimame wala zisichelewe, ilikuwa kazi ya fundi hasa.

Zuhura ilipopita, wengi walipata taabu. Ukingo wa sayari ulionekana kama umeyeyuka ulipokaribia ukingo wa jua, na watu wawili waliosimama pamoja hawakukubaliana kwa sekunde. Lakini huko huko Mauritius Gill alijaribu njia nyingine. Alipima mahali pa sayari ndogo iitwayo Juno katikati ya nyota, jioni na tena alfajiri, kwa chombo kiitwacho heliometa, ambacho ni darubini yenye lenzi iliyokatwa nusu mbili. Katika muda huo dunia yenyewe inakuwa imemsogeza mpimaji kutoka upande huu hadi upande ule, kwa hiyo mtu mmoja mahali pamoja anaweza kupima umbali. Njia ilifaa. Wakati wa kurudi alipitia Misri, akapima mstari wa msingi kwa ajili ya upimaji wa nchi ile. Tangu hapo kupima mbingu na kupima ardhi vilikuwa kwake kazi mbili za mkono mmoja.

Mwaka 1877 sayari ya Mirihi ilikaribia sana dunia. Gill na mkewe walisafiri hadi Ascension, kisiwa kidogo cha mawe ya volkano katikati ya Atlantiki. Walifunga chombo chao karibu na kambi ya askari, lakini kila usiku mawingu yalitanda juu yao, na siku zilikuwa zikiyoyoma. Ndipo Isobel alipotoka usiku, akatembea juu ya mawe makali kutafuta mahali ambapo mbingu ilikuwa wazi. Aliona ya kuwa wingu lilikuwa na mwisho wake. Wakahamisha chombo kwa mashua hadi upande wa kusini wa kisiwa, kwenye pwani ambayo hata leo huitwa Ghuba ya Mirihi. Kipimo kilipatikana. Baadaye bibi huyo aliandika kitabu kizuri juu ya miezi yao sita kisiwani. Naona ni haki wasichana wa shule wajue ya kuwa bila miguu ya Isobel, heliometa ya mumewe ingepiga picha ya mawingu tu, kama ingekuwa kamera.

NYOTA YENYE MKIA

Mwaka 1879 Gill aliwekwa kuwa mkuu wa kituo cha kifalme cha kutazamia nyota katika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Alikikuta kimechakaa, akakitengeneza upya, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Mwezi Septemba, 1882, ilitokea nyota kubwa yenye mkia. Iling'aa mno hata ikaonekana mchana kweupe kando ya jua. Wapiga picha kadhaa wa nchi ile waliipiga picha kwa kamera zao za kawaida. Gill alipoziona picha hizo alitambua mara moja kasoro yake: kamera zilisimama na mbingu ilikwenda. Akamwita mpiga picha mmoja wa kijiji cha jirani cha Mowbray, Bwana Allis, aliyezoea kupiga picha za sura za watu. Kamera ya Bwana Allis ilikuwa na lenzi ndogo, yenye upana wa inchi mbili na nusu na urefu wa fokasi wa inchi 11. Waliifunga kamera hiyo juu ya darubini kubwa ya kituo.

Sasa sikilizeni vizuri walivyofanya, maana hapa ndipo lilipo jambo lililonifedhehesha. Picha haikupigwa kupitia darubini kubwa. Darubini kubwa ilikuwa ya kulenga tu. Gill aliweka jicho lake kwenye darubini, akahakikisha nyota yenye mkia haitoki katika alama, akiisogeza kidogo kidogo, na wakati wote huo kamera ndogo iliyopanda mgongoni ilikuwa wazi ikikusanya nuru. Picha nyingine ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Jambo hili liliwezekana kwa kuwa wakati huo zilikuwa zimepatikana sahani za kioo zenye dawa kavu. Sahani za zamani zilikuwa za majimaji, nazo zilikauka na kuharibika katika muda wa dakika chache.

Picha ziliposafishwa, nyota yenye mkia ilionekana vizuri sana. Lakini Gill aliangalia pia yale yaliyokuwa nyuma yake. Kila pembe ya sahani ilijaa nyota, hata hafifu, kila moja mahali pake. Lenzi ndogo ya kupigia sura za watu ilikuwa imeandika kwa usiku mmoja kazi ambayo mtu mwenye kalamu na jicho angeifanya kwa miezi mingi. Wengine wangesifu mkia wakaishia hapo. Gill akaona ya kuwa mbingu nzima yaweza kuorodheshwa kwa kamera.

KOSA LANGU

Basi mimi nilifanya nini? Chama chetu kilikuwa na fedha za kununua kamera moja tu, tulizozipata kwa kuuza mchicha na nyanya za bustani yetu. Kamera tuliyonunua ni ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na hilo halikuwa kosa, kwa sababu kamera ya namna hiyo hupokea nuru hafifu kuliko ile ya rangi. Kosa ni kwamba wenzangu wawili walitaka tuifunge kwenye darubini ndogo ya kando, yenye urefu wa fokasi wa milimeta 120, nami nikakataa. Nilisema ya kuwa hatuwezi kuacha darubini kubwa yenye milimeta 1,000 tukatumia kitu kama mchezo wa mtoto. Nilikuwa katibu, wakanyamaza.

Usiku tatu kompyuta ilishindwa kutambua kitu. Baadaye nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kwanza. Sehemu inayopokea nuru ndani ya kamera yetu ina upana wa milimeta 4.8. Kupitia darubini kubwa inaona kipande cha mbingu kisichozidi robo ya digrii kwa mengi, yaani karibu nusu ya upana wa mwezi. Katika kipande hicho nyota zilizoonekana zilikuwa mbili au tatu, na kompyuta haiwezi kujua ziko wapi, kama vile wewe huwezi kujua uko kijiji gani kwa kuonyeshwa milango miwili. Kupitia darubini ndogo kamera ile ile inaona zaidi ya digrii mbili, upana wa miezi minne na zaidi. Humo nyota ni nyingi, na kompyuta hupata maumbo ya pembetatu na pembenne ya kulinganisha na orodha yake. Gill alijua mwaka 1882 ya kuwa darubini kubwa na kamera ndogo kila moja ina kazi yake. Mimi nilipenda ukubwa.

ORODHA YA NYOTA ZA KUSINI

Tangu mwaka 1885 Gill alianza kupiga picha mbingu ya kusini, kipande baada ya kipande, kuanzia digrii 18 kusini ya ikweta ya mbingu hadi kwenye ncha. Picha zikajaa masanduku. Nani atazipima? Alijitokeza Profesa Jacobus Kapteyn wa Groningen, Uholanzi, mwanafalaki ambaye chuo chake hakikuwa na darubini hata moja. Alijitolea kuzipima sahani zote. Gill alipiga picha Afrika, Kapteyn alipima Ulaya, na kazi ikachukua zaidi ya miaka kumi. Katikati ya kazi fedha za msaada zilikatwa. Gill akalipa gharama kutoka mfukoni mwake mwaka baada ya mwaka. Orodha ilitolewa kwa vitabu vitatu kati ya 1896 na 1900, nayo ilikuwa na nyota 454,875.

Picha za mwaka 1882 zilifika pia Paris. Mwaka 1887 wanafalaki wa mataifa mengi walikutana huko, wakapatana kugawana mbingu nzima na kuipiga picha, na kituo cha Gill kikapewa fungu lake. Mradi huo ulikuwa mkubwa mno, na sehemu yake moja haikumalizika kamwe. Lakini vipimo vyake havikupotea. Orodha iitwayo Tycho-2, iliyotolewa mwaka 2000 na yenye nyota milioni mbili na nusu, ilitumia vipimo hivyo vya kale kujua kila nyota imesogea kiasi gani katika muda wa miaka mia moja. Orodha za namna hiyo ndizo zinazosomwa na programu za kompyuta zinazoelekeza darubini. Kwa hiyo kamera yetu inapouliza mahali ilipo, sehemu ya jibu ilianza kuandikwa na Bwana Allis na Gill.

Lile swali la umbali wa jua Gill hakulisahau. Mwaka 1888 na 1889 aliongoza upimaji wa sayari ndogo tatu, Iris, Sappho, na moja iliyo na jina kama la ziwa letu, Victoria. Alipata takriban kilometa milioni 149 na nusu. Leo tunajua ni milioni 149.6.

MSTARI UNAOPITA KWETU

Kazi yake ya mwisho ninayotaka kuitaja inatuhusu sisi hasa. Gill alitaka ardhi ya Afrika ipimwe kwa pembetatu kutoka kilele hadi kilele, kufuata longitudo ya digrii 30 mashariki, tangu kusini hadi Misri. Alianzisha upimaji wa Afrika Kusini, akausukuma kuelekea kaskazini. Sehemu ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909. Sehemu ya nchi yetu, upande wa magharibi kuelekea Kigoma, ilipimwa kati ya 1931 na 1933, Gill akiwa amekwisha kufa. Kiungo cha mwisho, huko Sudan, kilikamilika mwaka 1954. Ramani za kipimo cha 1:50,000 tunazozisoma katika somo la Jiografia zilijengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, uliotokana na mstari huo.

Si haki niwafiche upande wa pili. Upimaji huo ulifanywa enzi za ukoloni, na ramani zilikuwa chombo cha kutawalia. Vyombo vizito vilipandishwa milimani kwa mabega ya Waafrika, na vitabu vinavyowataja maofisa kwa majina na vyeo haviwataji wao. Nilipokuwa nikisoma niliyatafuta majina yao bila kuyapata. Gill alipewa heshima nyingi. Mwaka 1900 alipata cheo cha Sir, na mara mbili alipewa nishani ya dhahabu ya chama cha wanafalaki cha Uingereza. Wale wapagazi walipewa ujira wa siku. Kila anayefungua ramani ya nchi yetu anatumia jasho lao.

MWISHO WAKE, NA MWISHO WA HABARI HII

Afya ilipopungua, Gill aliondoka Afrika mwaka 1906, akakaa London. Alifariki huko tarehe 24 Januari, 1914, akiwa na miaka sabini, akazikwa Aberdeen, mji wa duka la baba yake.

Sasa nimalize la kwetu. Ilibaki tatizo moja. Darubini ndogo ya kando ilikuwa ikichezacheza mahali ilipofungwa, na ikicheza hata kidogo, kamera inaelekea huku na darubini kubwa inaelekea kule. Siku ya ruhusa nilikwenda Kirumba, nikamweleza baba. Aliniuliza uzito wake, na kama upepo wa ziwa unafika pale inapowekwa. Kisha akachukua kipande cha alumini kutoka kwenye mashine mbovu ya boti, akakata pete mbili, akaweka skrubu tatu katika kila pete ili tuweze kuinyoosha. Skrubu moja ilihitaji kukazwa na mtu wa pili. Nilishika spana.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na mwezi haujatoka, tulitoa darubini nje. Wavuvi wa dagaa nao hungoja giza kama sisi, na taa zao zilikuwa zimetapakaa ziwani. Nilimwomba mmoja wa wale wenzangu wawili niliowanyamazisha abonyeze kitufe. Kamera ilipiga picha ya sekunde mbili. Kompyuta ikatambua nyota, darubini ikajisogeza yenyewe, ikapiga tena, ikajirekebisha, na kundi kubwa la nyota liitwalo Omega Centauri likatua katikati ya picha. Liko katika ile mbingu ya kusini aliyoiorodhesha Gill.

Picha hiyo imebandikwa katika maabara ya fizikia, na mzazi yeyote atakayekuja siku ya wazazi anakaribishwa kuitazama. Chini yake tumeandika majina ya wanachama waliopiga, na jina la fundi aliyetengeneza pete. Mimi nakabiliwa na mitihani ya Novemba, na sijui kama nitachaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Lakini likizo hii nimemwomba baba anifundishe kufungua mashine, naye amekubali.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Katibu, Chama cha Sayansi